UZI: Nafundisha vijana wa Katuba kupanga sauti kwa simu na ordinatere (kompyuta) moja nzee. Kitufe kilichonifaa kuliko vyote ni cha kunyamazisha

#1 Fundi_Bafle (Katuba, Lubumbashi) – Jumapili jioni

Hamjambo nyote. Wengine mliniomba nieleze hii kazi ya Jumamosi, nikawa naahirisha. Leo umeme upo, acha niandike kabla delestaji, ule mgao wa umeme, haijanikumbuka.

Kazi yangu ya kula ni kutengeneza redio na bafle, yaani spika. Jumamosi mchana nakaa na vijana wa korali, kati ya 11 na 15 kutegemea mvua, wa miaka 12 hadi 19. Vifaa tulivyo navyo: ordinatere moja ambayo betri yake ilishakufa, inaishi kwa kamba tu, simu nne za Android, zote za wazazi, sinte (kinanda cha umeme) ya parokia yenye vibao viwili bubu, na ekutere za kamba, yaani vya kusikilizia masikioni, zile za bei ya chini kabisa sokoni.

Mwanzoni nilikosea. Niliwapa programu ya kutengeneza biti, nikawaambia "haya, tungeni". Baada ya mwezi kila mtu alikuwa na biti yake, na zote zilikuwa mtoto wa mama mmoja. Ngoma juu ya ngoma, juu yake kinanda, juu yake filimbi, juu yake kelele ya ndege sijui ya nini. Hakuna chombo kilichopumzika hata nusu mstari. Mashine imekupa nafasi 16, basi unajaza zote 16, kama mtu aliyealikwa harusini akaambiwa chakula ni bure.

Ndipo nikabadilisha. Tulichukua wimbo ambao kila mmoja anaujua tangu utoto, tukarekodi sauti nne, kila sauti peke yake, tukaziweka kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, mistari minne. Wa tano makofi. Halafu nikatoa sheria: leo hakuna kuongeza kitu. Ruhusa yenu ni kunyamazisha tu.

Wavulana walicheka. Binti mmoja wa miaka 14, ambaye kwa kawaida hasemi, akaja mbele. Beti la pili akanyamazisha vyote, akabakiza besi na makofi. Yaani mabwana wawili wanaguguma huko chini na mikono inalia kavu. Tukakaa hivyo mistari miwili, chumba kizima kimya, mmoja akadhani ordinatere imekwama. Kwenye neno la mwisho kabisa akarudisha sauti ya pili, si ya kwanza. Ya pili! Ile ambayo siku zote inajificha chini ya ya kwanza kama mtoto nyuma ya kitenge cha mama yake. Ikatoka peke yake, na kumbe ina uzuri wake.

Sikuwa nimemfundisha. Nilimwondolea tu ruhusa ya kujaza.

Tangu siku ile kila kipindi kinaanza na kunyamazisha. Nitajibu maswali, lakini msiniulize programu ya bei ghali, sina.

#2 Kasapa_Boy

Naweka kiti hapa. Endelea mwalimu.

#3 Muzee_wa_Kamalondo

Mwalimu, miye nitasema sawa muzee, usikasirike. Sisi tulijifunzaka gitaa kwa masikio, hapana kwa macho. Ulikuwa unaikala karibu ya mukubwa, unaangalia bidole yake, ukirudi ku nyumba unatafuta mupaka usiku. Sasa mutoto anaangalia ekra, ile kioo ya ordinatere, anaona tu-kiraka tunapita, anasema "nimepanga". Anapanga nini? Masikio yake inafanya kazi gani?

Mwenda wa Bayeke, yule mupiga gitaa mukubwa wa Katanga, alikuwa na gitaa moja. Dole gumba inapiga besi, kidole ya shahada inapiga juu. Bidole mbili tu! Na wewe ukisikia unasema hapa kuko bantu babili. Ile haiko mupango? Ordinatere ilikuwa wapi?

#4 Fundi_Bafle

Papa, maneno yako nayapokea kwa mikono miwili. Na umegusa kipindi ninachokipenda kuliko vyote.

Zile rekodi za Mwenda ambazo Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alizifanya kule Likasi mwaka 1952, enzi mji ukiitwa Jadotville, vijana wangu walikuwa hawajawahi kuzisikia. Niliwapigia moja bila kuwaambia chochote, nikauliza magitaa ni mangapi. Wengi walisema mawili, mmoja mbishi akasema matatu. Nikapunguza mwendo hadi nusu. Audacity inaweza kupunguza mwendo bila kuifanya sauti iwe nzito. Zamani ukipunguza kanda, mwimbaji anageuka dubwana. Kwa mwendo ule wa nusu wakaanza kuandika: mstari wa chini wa dole gumba, mstari wa juu wa kidole cha shahada. Walipomaliza, yule mbishi akaniuliza, "Mwalimu, huyu ni mtu mmoja kweli?"

Kwa hiyo masikio yanafanya kazi, Papa. Wewe ulikuwa na mkubwa wa kukaa karibu naye, akarudia pole pole ukimwomba. Hawa wangu mkubwa wao, Mwenda, alishafariki tangu 1990, na rekodi haimwonei mtu huruma, inakwenda kwa mwendo wake. Mashine naitumia kumwomba marehemu arudie pole pole.

Na hata kabla ya mashine, kupanga kwa mdomo ni mali yetu. Wale wanakorali wa Kamina, Les Troubadours du Roi Baudouin, waliorekodi Missa Luba, ile misa ya Kilatini kwa mtindo wa Kikongo, mwaka 1958 chini ya padri Guido Haazen, msingi wa kazi yao ulikuwa kubuni papo hapo juu ya nyimbo za kwao. Karatasi ilifuata nyuma ya mdomo. Na mimi nataka iwe hivyo: kwanza mdomo, halafu mashine.

#5 Muzee_wa_Kamalondo

Umesema muzuri. Lakini sijaamini bado.

#6 Mdau_Kigoma

Mkuu, salamu kutoka ng'ambo ya ziwa. Mimi ni mwalimu wa kwaya, na huku tunasoma sol-fa, ile ya herufi d r m f badala ya noti. Nimejaribu MuseScore, ile programu ya kuandika muziki, nikakata tamaa, inataka noti za mistari mitano. Vijana wangu nao hawazijui. Je, kuna njia? Na je, inakubali simu?

#7 Fundi_Bafle

Ndugu wa Kigoma, kwenye simu MuseScore ni ya kusoma na kusikiliza. Kuandika ni kwenye ordinatere. Hiyo ya ordinatere ni ya bure kabisa. Toleo la 4, lililotoka Desemba 2022, lina sauti nzuri zaidi ila linahitaji mashine yenye nguvu; ordinatere yangu ililigomea, nimebaki na la 3 na sijafa.

Sol-fa usiitupe. Ilitengenezwa Uingereza karne ya 19, na mama mmoja aitwaye Sarah Glover, kisha John Curwen akaieneza, kwa sababu hiyohiyo ya kwako: watu wa kawaida waimbe bila kusumbuliwa na mistari mitano. Fanya hivi: ingiza noti kwa kubofya kinanda cha kwenye ekra, halafu chini ya kila noti, pale pa kuandika maneno ya wimbo, andika d, r, m. Maneno yenyewe yaweke mstari wa pili. Vijana watasoma herufi huku jicho linaiba noti pole pole. Baada ya miezi michache wa kwangu walianza kunisahihisha.

Kuna jambo jingine zuri: ukiipa sauti noti ambayo iko nje ya uwezo wake, noti inageuka rangi. Ikiwa imezidi uwezo wa mwimbaji wa kawaida inakuwa kama manjano iliyochafuka, ikizidi hata wa mbobezi inakuwa nyekundu. Sopra zangu, wale wa sauti ya juu kabisa, zimeokoka hapo. Zamani kijana anaandika noti ya juu angani, sopra wanakuja Jumapili shingo zimetoka mishipa, na yeye kajificha nyuma ya kinanda.

Ila jihadhari, rangi haisemi kila kitu. Korali ya mashine haipumui. Hapo nimepigwa mara nyingi. Kijana anaandika mstari wa hatua nane bila koma, anabofya, mashine inaimba "aaaaa" tamu hadi mwisho. Analeta kwa wenzake, hatua ya tano watu wanaanza kudondoka mmoja mmoja kama maembe. Siku hizi sheria ni: kabla ya kuandika mstari, uimbe mwenyewe umesimama. Pale unapovuta pumzi, weka alama.

#8 Kasapa_Boy

"Kama maembe" 😂😂 hiyo ni korali yetu kabisa

#9 Mama_Ruashi

Mwalimu, hongera kwa moyo huo. Mimi naongoza mama wa kanisa huku Ruashi, na mjukuu wangu ndiye aliyenifungulia ukurasa huu.

Nina neno moja ambalo mashine haijui, na nadhani na vijana hawalijui. Mjukuu alipanga wimbo wetu wa Kiluba. Sauti ya kwanza ikipanda, yeye akaishusha ya pili, ya kwanza ikishuka yeye anapandisha. Kwa kinanda ilikuwa tamu sana. Tulipoimba, mama mmoja mtu mzima akaangua kicheko katikati ya sala, akashindwa kunyamaza. Kwa nini? Kiluba ni lugha ya toni. Ukigeuza kupanda kuwa kushuka, neno linakuwa neno jingine, au linakuwa si neno. Sauti ya kwanza ilikuwa inasali, ya pili inasema mambo yake.

Kiswahili hakina shida hiyo, ndiyo maana vijana hawaioni. Wazee wetu sauti zao zilitembea pamoja, moja juu moja chini, kama watu wawili njia moja. Watu wa masomo wanadhani ni kwa sababu hawakujua zaidi.

#10 Fundi_Bafle

Mama, umenifungua macho, na ninaona aibu kidogo. Mwaka jana nilimkata alama kijana mmoja kwa sababu sauti zake mbili "zilitembea pamoja mno", na wimbo ulikuwa wa Kibemba, nacho ni cha toni. Kesho nitamtafuta nimwombe radhi.

Nimewaza jinsi ya kulifundisha: kijana aseme maneno kwanza, tumrekodi, tuangalie wapi sauti inapanda na kushuka, ndipo apange. Kwa nyimbo za Kiswahili tutaangalia mkazo tu, ule wa silabi ya pili kutoka mwisho, usije ukaangukia mahali pabaya.

#11 Beatmaker_Bel_Air

Oya mwalimu, heshima. Ila mimi nipo upande wa biti, na naona mnaisema vibaya. Shida si programu, ni watu kutumia ilivyofunguka. Nikupe mfano wa jana tu.

Dogo mmoja kaniletea wimbo wa kijijini kwao, anataka kuuweka kwenye simu. Anapiga chupa kwa kijiko, safi, inacheza. Akiweka kwenye simu wimbo unachechemea. Kahangaika wiki nzima, anasema simu mbovu. Nikamwangalia: programu imefungua visanduku 16. Kila pigo limekatwa mara 4. Wimbo wake kila pigo linakatwa mara 3! 4 mara 3 ni 12. Alikuwa anajaribu kuingiza mguu wa 12 kwenye kiatu cha 16.

Tukabadilisha vikawa 12. Chupa ikaingia kwenye 1, 3, 5, 6, 8, 10 na 12. Mapigo saba. Hapohapo dogo kasimama anacheza. Halafu nikamwambia usibofye kile kitufe cha kunyoosha mapigo, maana ukinyoosha kila kitu, chupa inakuwa kama saa ya ukutani.

#12 Muzee_wa_Kamalondo

Huyu kijana wa Bel-Air anasema kweli. Ile ya saba mu kumi na mbili, sisi tuliipigaka ku chupa tangu butoto na hatukuhesabu hata siku moja. Njo leo ninajua iko saba.

#13 Katibu_wa_Korali

Maswali ya pesa jamani. Megabaiti tunanunua kwa taabu. Wimbo mmoja unakula kiasi gani kutumiana? Na mnarekodije sauti nne kwa simu bila kupishana?

#14 Fundi_Bafle

Hesabu ni hii. Sauti isiyobanwa, wav ya kawaida, ni kama megabaiti 10 kwa dakika ikiwa ya pande mbili (stereo), 5 ikiwa ya upande mmoja (mono). Wimbo wa dakika 4 wenye mistari 8 ya upande mmoja unafika karibu megabaiti 170. Huo hautumwi, unabebwa kwa flashi, kwa mguu. Ukiubana kuwa mp3 ya kawaida ni kama megabaiti 1 kwa dakika, unatosha kusikiliza. Faili ya MIDI, ambayo haibebi sauti bali maagizo tu (piga noti hii, kwa nguvu hii, iache sasa), ni kilobaiti chache. Ndiyo maana kazi ya nyumbani naipokea kwa MIDI: megabaiti za picha moja ya harusi zinabeba mazoezi ya darasa zima.

Kurekodi: simu ya kwanza inapiga wimbo wa kuongoza kupitia ekutere, ya pili inarekodi. Mwimbaji anapiga kofi moja kubwa kabla ya kuanza, pale anaposikia kofi la kwenye ekutere. Baadaye kwenye Audacity unayapanga makofi yote mstari mmoja, na sauti zinakaa. Kama simu inatoa faili za aina ya m4a, Audacity ya Windows haitazifungua mpaka uiongezee FFmpeg, programu ndogo ya kuisaidia. Nilipoteza Jumamosi mbili hapo, nikidhani faili zimeoza.

Na ekutere ziwe za kamba! Zile za bluetooth zinachelewesha sauti, sehemu moja ya kumi ya sekunde hadi sehemu mbili za kumi au zaidi. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni nusu sekunde, kwa hiyo umeshachelewa karibu nusu pigo kabla hujafungua mdomo. Niliwahi kuwagombeza sopra mchana mzima kwamba wazembe, kumbe kosa lilikuwa masikioni mwao, nami ni fundi wa bafle, hebu fikirini.

#15 Katibu_wa_Korali

Na kazi zikipotea?

#16 Fundi_Bafle

Zilipotea. Kijana mmoja alipanga wimbo wiki tano kwenye simu ya baba yake. Baba akataka nafasi ya video za mpira, akafuta programu nzima. Wala hakuwa na ubaya, kwake ilikuwa "michezo ya watoto". Kijana hakuja Jumamosi mbili. Nilikwenda kwao, tukala bukari (ugali), baba akaomba radhi, lakini wimbo haukurudi.

Tangu hapo hakuna kuondoka bila kuweka nakala kwenye flashi yangu, na mpango wa wimbo uandikwe kwenye daftari kwa maneno: beti la kwanza nani anaimba, la pili nani ananyamaza, nani anarudi wapi. Na programu zinazoweka kazi huko kwenye intaneti peke yake tumeziacha. Forfé, yaani kifurushi cha intaneti, ikiisha, wimbo wako uko ng'ambo na wewe uko Katuba.

#17 Kasapa_Boy

Swali la uchokozi. Siku hizi unaandika maneno mawili, mashine inakutungia wimbo mzima na sauti za watu. Kupanga kuna faida gani?

#18 Mama_Ruashi

Mwanangu, waambie hao wanaokutungia watunge kwa Kiluba, halafu uniletee nisikilize. Nataka kucheka tena.

#19 Beatmaker_Bel_Air

Uzi umefungwa 😂

#20 Fundi_Bafle

Papa wa Kamalondo, naona bado uko hapa. Karibu Jumamosi, mchana. Njoo na gitaa. Vijana wamesoma maneno yako yote na wanakuogopa kidogo.

#21 Muzee_wa_Kamalondo – Jumapili, wiki iliyofuata

Nilifika. Nilikuta batoto kumi na mbili na ile ordinatere yenye inalia sawa mashini ya kusaga. Nikapiga gitaa, banarekodi. Banakata mu mistari, banasikiliza. Nilipenda namna banasikiliza, sitasema uongo.

Yule mutoto mwanamuke anachaguaka kunyamazisha, akaniangalia, akasema na heshima yake yote: "Papa, kwa beti ya pili, ungenyamaza kidogo. Dole gumba tu ibakie." Miye! Nilianza kupiga gitaa mbele mama yake hajazaliwa.

Nikanyamaza. Dole gumba ikabakia peke yake. Halafu kwa neno ya mwisho akanionyesha na kichwa, nikaingia na kidole ya juu.

Mwalimu, Jumamosi nitarudi. Uniambie duka gani pale Katuba inauzisha nyuzi, ile ya tatu ilikatika nikiwa njiani narudi.

#22 Fundi_Bafle

Usinunue, Papa. Ninazo mbili kwenye droo.